Ukuta wa mita 40 karibu na Kibuye: tuchore nini ili mtu ajue yuko Kisumu?

Mchoraji wa Nyalenda aliuliza:

Wanajukwaa, hamjambo. Mimi na wenzangu watatu tumepewa kazi ya kuchora ukuta wa uzio ulioko kando ya barabara, mwendo mfupi kutoka soko la Kibuye hapa Kisumu. Ukuta una urefu wa mita 40 na kimo cha mita 4, unatazama magharibi, na nyuma ya sehemu yake ya kusini udongo umejaa hadi karibu nusu ya kimo chake. Walioagiza kazi hii wameandika sentensi moja tu katika barua yao: wanataka picha ambayo mgeni akishuka kwenye matatu aitazame na kujua kwamba amefika Kisumu, na mwenyeji akipita aione kuwa ni yake.

Sentensi hiyo ni nzuri, lakini imetutoa jasho. Tuliitisha mkutano na kamati ya wafanyabiashara wa pale, na kila aliyesimama aliongeza kitu: ziwa, samaki, mashua, jiwe la Kit-Mikayi, mnara wa saa, kinanda cha nyatiti, kiboko, swala wa hifadhi ya Impala, machweo, mpira wa miguu, na sura za viongozi wanne ambao sitawataja. Orodha ilipofika vitu 23 niliweka kalamu chini. Nimejaribu kuvipanga vyote katika rasimu moja, na nilichopata kinafanana na kalenda ya bure ya dukani: kila kitu kipo, na jicho halijui litue wapi.

Nina maswali mawili. La kwanza, ninyi mnaoifahamu Kisumu, mngechagua nini na mngeacha nini? La pili ni la ufundi. Plasta ya upande wa kusini imetoa unga mweupe pamoja na mabaka ya unyevu, na mwenzangu mmoja anashauri tuipige rangi ya mafuta kwanza ili tuuzibe unyevu huo. Tunatarajia kuanza Januari, kabla ya masika.

Fundi Rangi Mstaafu alijibu:

Mwanangu, nitaanza na swali la pili, kwa sababu picha nzuri juu ya ukuta mgonjwa haifiki mwaka wa tatu.

Msiuzibe. Unga huo mweupe ni chumvi. Maji ya mvua yanapita kwenye udongo ulio nyuma, yanaingia ukutani, yanayeyusha chumvi iliyomo katika saruji na mawe, kisha yakifika upande wenye jua yanakauka na kuiacha chumvi pale pale juu ya plasta. Mkipaka rangi ya mafuta, maji hayataacha kuja. Yatajikusanya nyuma ya ngozi ya rangi, na ngozi hiyo itafura na kubanduka vipande vya ukubwa wa chapati. Zamani mwenye duka mmoja alinilazimisha kupaka rangi ya mafuta juu ya ukuta wa namna hiyo kwa sababu alipenda inavyong'aa. Msimu wa pili wa mvua haukuisha kabla neno DUKA halijabaki UKA, na watoto wa mtaa wakaanza kuliita hivyo.

Dawa iko nyuma ya ukuta, kwa hiyo zungumzeni na mwenye ukuta kwanza. Udongo ule ukiweza kuondolewa, uondolewe. Kama hauwezi, sehemu ya chini itobolewe matundu ya kutolea maji, kila baada ya mita moja na nusu hivi, na nyuma ya kila tundu itiwe kokoto ili udongo usilizibe. Baada ya hapo pimeni: bandikeni kipande cha nailoni cha upana wa nusu mita juu ya plasta, kizibwe kingo zote kwa utepe wa gundi, kiachwe usiku na mchana. Mkikuta matone upande wa ndani wa nailoni, ukuta bado unatoka maji na hauna haja ya brashi yenu. Pitisheni pia kipini cha nyundo ukuta mzima mkigongagonga taratibu. Panapolia kama debe tupu, plasta imeachana na jiwe, ibomolewe na kupigwa upya. Plasta mpya iachwe siku 28 kabla ya kuguswa na rangi, kwa maana saruji changa ina ukali unaokula rangi. Na chumvi isioshwe kwa maji, maana mtairudisha ndani ilikotoka. Isuguliwe kwa brashi kavu ngumu, ipanguswe, na baada ya wiki moja muitazame tena.

Ukuta ukishakauka, tumieni praima ya kuhimili saruji, yaani rangi ya kwanza ya kushikia, kisha emalsheni ya nje ya kiwango kizuri, yaani rangi ya maji, ambayo huuacha ukuta upumue. Kwa hesabu ya haraka, mita 40 kwa 4 ni mita za mraba 160. Lita moja hufunika mita za mraba 8 hadi 10 za ukuta laini kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja, lakini plasta ya uzio si laini, hunywa. Wekeni ndoo moja ya lita 20 na robo yake kwa kila mkono wa praima na wa rangi ya chini, na bado mtanishukuru mkitumwa dukani mara moja tu.

Kuhusu rangi zenyewe, ukuta unaotazama magharibi huchomwa na jua la Kisumu kuanzia adhuhuri hadi linapozama. Nyekundu na njano za kuwaka ndizo hufa mapema zaidi. Rangi za udongo zinazotokana na kutu ya chuma, yaani nyekundu ya tofali, njano ya mchanga na kahawia, hudumu miaka mingi. Nyeupe, nyeusi ya masizi, na zile bluu na kijani za kisasa nazo ni imara. Jengeni picha juu ya hizo, na ile nyekundu kali muitie mahali padogo ambapo mtu anaweza kupanda ngazi na kuihuisha kwa saa moja. Fanyeni kazi asubuhi, ukuta ukiwa kivulini. Mchana plasta huwa na joto, rangi hukauka kabla brashi haijatandaza, na alasiri mnaijua wenyewe: wingu likijikusanya juu ya ziwa, mvua haibishi hodi.

Jambo moja zaidi, ambalo vijana hawapendi kulisikia. Nusu mita ya chini msiichore. Ipakeni rangi moja nzito, kwa sababu pale ndipo matope hurukia, ndipo miguu ya wanaosubiri boda boda huegemea, na ndipo watu wasio na haya hufanya mambo yao usiku. Kila mwaka mtapitisha rola pale na picha itaonekana mpya.

Mwalimu wa Manyatta alijibu:

Ndugu mchoraji, nimefundisha historia kwa miaka mingi na nimeona michoro mingi ya aina unayoiogopa. Kosa lake si wingi wa vitu peke yake. Inauchukulia mji kama mkusanyiko wa nembo, na mtu akiitazama yote anabaki bila kujua watu wa pale hufanya nini.

Tuanze na jina lenyewe. Kabla ya reli, mahali hapa palijulikana kwa neno la Kijaluo linalohusu kubadilishana chakula: watu walikwenda kusuma. Aliyekuwa na samaki alikuja nao, aliyekuwa na nafaka alikuja nayo, aliyekuwa na mifugo au vyungu vilevile, na jamii za jirani zilikutana kando ya ghuba hata pale zilipokuwa hazielewani sana kwingineko. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Desemba 1901, na wajenzi wake wakapaita Port Florence kwa jina la mke wa mhandisi Ronald Preston. Hilo jina la kigeni lilidumu muda mfupi, na mji ukarudi kuitwa kwa kitendo cha wenyeji. Mji mwingine unaoitwa kwa kitendo siukumbuki upesi. Sasa ukuta wenu uko wapi? Hatua chache kutoka Kibuye, soko ambalo siku ya Jumapili hufurika hadi barabarani. Mmewekwa mbele ya jambo lenyewe linalofanya jiji liitwe Kisumu, halafu mnataka kuligeuzia mgongo mkachore jiwe lililoko Seme!

Ningechora mabadilishano: ukanda mmoja wa mita 40 wenye mikono na mizigo inayopita kutoka mtu hadi mtu, kutoka upande mmoja wa ukuta hadi mwingine. Mwanzoni kikapu cha mtama kinabadilishwa na samaki, katikati kuna behewa na makuli wa bandari, kisha mnara wa saa wa mtaa wa Oginga Odinga, ambao ulizinduliwa mwaka 1938 kumkumbuka mfanyabiashara Kassim Lakha na unatukumbusha kwamba Wahindi nao walikuja kusuma. Mwishoni tuko leo: gorogoro (kopo la kupimia) ya omena, dagaa wa ziwa letu, inamiminwa katika mfuko wa mama aliyeshuka kutoka Vihiga na ndizi zake. Kila kitu katika orodha yenu kinaweza kuingia ikiwa kimebebwa na mtu au kinauzwa. Nyatiti iwe mgongoni mwa mwanamuziki anayeelekea shughulini, na tafadhali iwe na nyuzi nane, maana nimeona ukuta mmoja wenye nyatiti ya nyuzi sita na wazee hawakulala. Kisichobebeka wala kuuzika, kama kiboko, kiachwe ziwani apumzike.

Na kuhusu machweo: jiji liko upande wa mashariki wa ghuba, kwa hiyo jua huzama ziwani. Mkichora jua likiwa juu ya maji, hayo ni magharibi na ni jioni. Asije mtu akaandika chini yake "Alfajiri Njema".

Kijana wa Kondele alijibu:

Mwalimu, shikamoo. Wazo lako ni zuri lakini umewakwepa viongozi. Historia ya jiji hili ni siasa, na ukuta wa mita 40 usio na hata sura moja ambayo watu wanaipenda utaonekana umechorwa na wageni. Watu wa kwetu watauliza, na watauliza kwa sauti.

Nyar Dunga alijibu:

Nawasalimu nyote. Mimi ni mchuuzi wa samaki na nimeuza ufukoni Dunga na sokoni Kibuye, kwa hiyo nasema kama mtu atakayepita mbele ya picha hiyo akiwa na beseni kichwani.

Mwalimu, kwa heshima zako, umelifanya ziwa kuwa kama ghala ambalo samaki hutolewa na mambo yakaisha. Kazi ya samaki huanza usiku. Wavuvi wa omena hutoka giza likishaingia, kwa sababu omena hufuata mwanga. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za jua. Ukisimama ufukoni usiku usio na mwezi unaona mstari wa taa juu ya maji, na mtu asiyejua anadhani kuna mji mwingine ng'ambo ile. Hicho ndicho kitu ambacho sijawahi kukiona kimechorwa popote, na mtu yeyote aliyelala kando ya Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, atakitambua bila kuambiwa. Machweo yamechorwa hadi kwenye mifuko ya plastiki. Chora taa. Asubuhi mashua zinarudi, wanawake wanapokea, wanaanika omena juu ya nyavu zilizotandazwa chini, na ndipo safari ya kuelekea Kibuye inaanza. Kwa hiyo mkanda wa Mwalimu usianze na kikapu, uanze na giza lenye taa upande mmoja wa ukuta, kisha kukuche kadiri mtu anavyotembea.

Sasa samaki, kwa kuwa wachoraji hutuudhi hapo. Ngege, yaani sato, na mbuta, yaani sangara, si samaki mmoja mwenye ukubwa tofauti. Mbuta ana kichwa kilichobonyea juu ya macho, mkia wa mviringo, na pezi la mgongoni ambalo limegawanyika kama mawili. Ngege ana mwili mpana na pezi la mgongoni lililoungana toka mbele hadi nyuma. Na Mwalimu atakubaliana nami kwamba mbuta aliletwa ziwani katika miaka ya 1950, kwa hiyo asiwekwe kwenye sehemu ya kale pamoja na mtama. Mkimweka pale, wauza samaki watawacheka kabla wataalamu hawajafika.

Na gugumaji pia mlichore. Najua kamati itasema linaaibisha jiji. Limetufungia mashua tangu miaka ya 1990, lakini kuna watu Kisumu wanalikausha na kusuka viti na vikapu vinavyouzwa kando ya barabara. Ukuta usiokuwa nalo ni ukuta wa ziwa jingine.

Karani wa Milimani alijibu:

Naona sanaa imepata watetezi wa kutosha, basi mimi nitazungumzia karatasi, ambazo ndizo huvunja urafiki baadaye.

Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kazi inapoagizwa na mtu mwingine, hakimiliki huchukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Wasanii wengi hawalijui hilo na hudhani kwamba kwa kuwa mkono ni wao, picha ni yao. Ikiwa mnataka kubaki na haki ya kuchapisha picha hiyo kwenye kadi au fulana, iandikwe kwenye mkataba kabla ndoo ya kwanza haijafunguliwa. Kinachobaki kwa mchoraji ni haki ya kutajwa kuwa ndiye aliyeichora, na ya kupinga kazi yake kuharibiwa au kugeuzwa kwa namna inayomvunjia heshima. Kwa hiyo tengeni mahali pa majina yenu, juu ya ile nusu mita ya Fundi, la sivyo mtajipaka rangi wenyewe mwaka ujao.

Mambo mengine ni mafupi. Kibali kitoke kwa maandishi kwa mwenye ukuta, si kwa kamati ya wafanyabiashara. Nembo ya mfadhili iwe ndogo, kwa kuwa matangazo ya nje hutozwa ada na kaunti, na picha yenye nembo kubwa inaweza kuhesabiwa kuwa tangazo. Malipo yagawanywe: vifaa kwanza, sehemu ya pili praima na mchoro wa mistari vikikamilika, ya mwisho kazi ikikabidhiwa. Na mkataba utaje nani atakayelipia marekebisho ya mwaka wa pili, maana kila mtu hufurahia uzinduzi na hakuna anayefurahia kununua rangi baada yake.

Kwako Kijana wa Kondele: sina ugomvi na viongozi. Ila sura ya kiongozi ukutani ndiyo ya kwanza kubandikiwa mabango au kumwagiwa rangi kila uchaguzi ukikaribia, na picha nzima huharibika pamoja nayo. Kamati ikisisitiza, wekeni mabango ya kampeni yaliyochakaa nyuma ya muuza mitumba, kama yalivyo kweli Kibuye, bila kuonyesha sura. Siasa itakuwepo na hakuna wa kuidai.

Kijana wa Kondele alijibu:

Mabango yaliyochakaa nayakubali. Hayo hata mimi nimeyabandika.

Mchoraji wa Nyalenda alijibu:

Jaduong' (mzee wetu) Fundi, Mwalimu, dada Nyar Dunga, Karani na ndugu yangu wa Kondele, asanteni sana. Nimesoma majibu yenu mara tatu, na leo asubuhi nimeyapeleka kwa wenzangu pamoja na nailoni.

Kuhusu sura, ninakiri nilifarijika. Miaka michache iliyopita nilichora sura ya mwanzilishi wa shule fulani kwenye ukuta wa bwalo, na kwa muda wote nilioishi mtaa ule niliambiwa kwamba anafanana zaidi na shemeji yake.

Tumeamua kuanzia na taa. Kwa kuwa watu wengi hutembea kutoka upande wa kaskazini kuelekea mjini, giza la ziwa litakuwa kaskazini, kutakucha katikati, na soko la mchana litakuwa kusini. Mkanda wa mikono na mizigo utapita katika urefu wote. Hata hivyo kuna kitu kimoja ambacho Mwalimu na Nyar Dunga hawakukigusa: abiria aliye ndani ya matatu ana sekunde chache tu. Kwa hiyo tumeamua watu wakuu wawe saba tu, kila mmoja akiwa na kimo cha karibu mita tatu, ili wasomeke kutoka ng'ambo ya barabara. Gorogoro, nyuzi nane, mapezi ya samaki na mabango yaliyochakaa vitakuwa vidogo, katika usawa wa macho, kwa ajili ya anayetembea. Kati ya vitu vile 23 vimebaki 11. Kit-Mikayi imo, lakini kama picha kwenye leso ya mama mmoja.

Rasimu tumeichora kwenye karatasi ya urefu wa mita 2 na kimo cha sentimita 20, yaani kila sentimita 5 ni mita 1 ya ukuta. Tutaipiga mistari ya mraba kwa kamba ya chaki na pima maji. Tulifikiria kutumia projekta usiku, lakini taa za barabarani pale ni kali na hakuna mahali pa kuisimamisha ila katikati ya magari. Jumapili tutaibandika rasimu Kibuye, tukae nayo kutwa nzima, tusikie wanaopita wanasema nini.

Swali langu la mwisho ni kwa Fundi. Nailoni ya upande wa kaskazini na ya katikati zimetoka kavu kabisa, lakini ya kusini ilikuwa na matone kama sufuria iliyofunikwa. Mwenye ukuta amekubali kutoboa matundu, ila udongo hautaondolewa. Je, tuahirishe kazi yote hadi upande huo ukauke?

Fundi Rangi Mstaafu alijibu:

Hapana, msiahirishe. Anzeni na giza lenu la kaskazini Januari hiyo hiyo, na mita za kusini zenye maji ziacheni uchi hata kama kamati itanung'unika. Pimeni kwa nailoni kila baada ya wiki mbili. Ikitoka kavu mara mbili mfululizo, isugueni, ipigeni praima, mmalizie soko lenu. Masika ikiwakuta kabla haijakauka, subirini hadi Julai. Na mwambieni mwenye ukuta matundu yatobolewe yakielekea chini kidogo upande wa barabara, tena yaangukie ndani ya ile nusu mita isiyochorwa, ili maji yasije yakamtoka mama wa omena kifuani.